Cheti kilibaki Breslau

Kila mara kijana mgeni anapoingia kwenye kikundi chetu hapa Dzaleka, namuuliza swali moja: wewe unajua kufanya nini? Jibu ninalopata linafanana karibu kila mara. Nilisoma umeme lakini sina karatasi. Nilikuwa ITI, mwaka wa tano, vita ikaja. Diploma yangu ya serikali iliungua na nyumba. Mwingine anasema diploma ipo kwa mjomba Uvira, lakini mjomba mwenyewe hajulikani aliko.

Ukisikiliza vizuri, mimi nimeuliza kuhusu mikono, wao wamenijibu kuhusu karatasi. Siwalaumu. Tangu wavuke mpaka, kila meza waliyosimama mbele yake iliwadai karatasi. Mtu akiulizwa hivyo miaka na miaka, mwishowe anaanza kuamini kwamba kile kisichoandikwa mahali hakipo, hata kama kimo ndani ya vidole vyake.

Ndiyo maana nimeandika habari hii. Ni historia ya mafundi watatu waliovuka bahari wakiwa vijana na kuingia katika kazi ya mitambo ya viwandani, ile kazi ambayo leo imezaa mashine zinazojiendesha zenyewe. Wawili kati yao walikimbia kwao kama sisi. Sitaki kuiandika kama wanavyopenda wahubiri wa mafanikio, eti jitahidi tu na utafika. Nataka tuangalie mlango ulifunguka vipi, na nani aliufungua.

Kijana wa Breslau

Karl August Rudolf Steinmetz alizaliwa tarehe 9 Aprili 1865 katika mji wa Breslau. Wakati ule mji huo ulikuwa chini ya Prussia. Leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Alizaliwa na kibiongo, kama baba yake na babu yake. Alipokua mtu mzima urefu wake ulikuwa kama mita moja na sentimita ishirini tu. Mama yake alifariki yeye akiwa na mwaka mmoja. Baba alifanya kazi kwenye shirika la reli, si tajiri wala si fukara.

Mwili ulikuwa mfupi, lakini hesabu alikuwa nazo. Mwaka 1883 aliingia Chuo Kikuu cha Breslau, akasoma hesabu na fizikia. Huko akajiunga na kikundi cha wanafunzi wasoshalisti. Wenzake wakampa jina la utani, Proteus, jina la mzee wa baharini katika hadithi za Wagiriki, aliyejua siri nyingi na kubadilisha umbo lake apendavyo.

Sasa lazima tujue hali ya nchi wakati huo. Mwaka 1878 serikali ya Bismarck ilipitisha sheria dhidi ya wasoshalisti. Mikutano yao ikapigwa marufuku, magazeti yao yakafungwa, watu wakakamatwa. Steinmetz aliandika na kuhariri katika gazeti la upande huo. Mwaka 1888 polisi walikuwa wanamkaribia. Alikuwa amebakiza kidogo sana apate shahada ya udaktari, ile ya juu kabisa ya chuo kikuu. Hakuingoja. Alitoka Breslau, akavuka mpaka, akafika Zurich, Uswisi.

Hapo nawaomba msimame kidogo, ndugu zangu mlioacha mtihani nyuma. Mtu huyu alikuwa na masomo yote na hakuwa na cheti. Cheti kilibaki Breslau. Miaka miwili tu baada ya yeye kukimbia, mwaka 1890, ile sheria ya kuwabana wasoshalisti ikaisha. Lakini yeye alikuwa ameshavuka bahari.

Mlangoni

Zurich alikaa kama mwaka mmoja, akisoma katika chuo cha ufundi. Huko akawa rafiki wa mwanafunzi mwenzake aitwaye Oscar Asmussen, ambaye alikuwa na jamaa Marekani. Asmussen alipoamua kwenda, Steinmetz akaenda naye. Walisafiri daraja la chini la meli, mahali wanapojazana watu wasio na kitu. Walifika bandari ya New York mwezi wa Juni 1889. Steinmetz alikuwa na miaka 24.

Wakati ule wahamiaji walipokelewa mahali panapoitwa Castle Garden. Ile Ellis Island inayosikika sana ilifunguliwa baadaye, mwaka 1892. Na pale Castle Garden kulikuwa na sheria. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1882 ilisema asiingie mtu yeyote asiyeweza kujitunza, ambaye angekuwa mzigo kwa umma.

Mwangalieni sasa alivyosimama mbele ya ofisa. Ana kibiongo, anatembea kwa shida, mfukoni hana pesa, na Kiingereza anachojua ni kidogo sana. Kwa macho ya ofisa huyo ndiye mzigo wenyewe ambao sheria inautaja. Walioandika maisha yake wanasimulia kwamba alikaribia kurudishwa kwenye meli. Aliyemwokoa ni Asmussen. Alionyesha pesa, akasimama upande wake, akasema atamtunza.

Naweza kusema historia nzima ya umeme wa kisasa ilipita kwenye sentensi ile ya Asmussen. Ofisa hakuona hesabu zilizokuwa kichwani mwa yule kijana, na hakuwa na njia ya kuziona. Alichoweza kuona ni mdhamini. Sisi tunaoishi kambini tunajua thamani ya mtu wa namna hiyo. Mtu anayesema mbele ya meza, "huyu namjua, niandikeni mimi," ni mtaji kuliko noti.

Fundi wa kofia

Kuingia nchini ni jambo moja, kupata kazi ni jambo lingine. Steinmetz aliipata katika mji wa Yonkers, karibu na New York, kwenye karakana ya Eickemeyer na Osterheld. Alianza kama mchoraji wa ramani za mashine kwa dola 12 kwa wiki. Si kazi ya daktari wa hesabu. Ni kazi ya kukaa na rula na penseli.

Lakini mwenye karakana alikuwa nani? Hapa ndipo historia inaponoga. Rudolf Eickemeyer alizaliwa mwaka 1831 huko Bavaria. Mwaka 1848, alipokuwa kijana mdogo, mapinduzi yalilipuka katika nchi za Wajerumani. Watu walidai katiba na bunge. Eickemeyer alishiriki. Mapinduzi yalishindwa, na mwaka 1850 akaingia Marekani, bado hajafika miaka ishirini. Yaani bosi naye alikuwa ametoka kwao kwa sababu ya siasa, miaka 39 kabla ya mwajiriwa wake.

Eickemeyer hakuanza na umeme. Alianza na kurekebisha mashine za wengine. Yonkers ulikuwa mji wa viwanda vya kofia, na kutengeneza kofia kulikuwa kazi ya kuumiza: mfanyakazi anachukua sufi iliyoloa, anaivuta na kuikunja kwa mikono juu ya kalibu mpaka ipate umbo. Eickemeyer aliangalia mikono ile inavyofanya, kisha akatengeneza mashine za kufanya hivyo badala yake. Mashine zake za kofia zilienea. Baadaye akageukia mota za umeme, zikiwemo za kuendesha lifti. Alipofariki mwaka 1895 alikuwa na hataza zaidi ya mia moja. Hataza ni ile hati ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wa fulani.

Kwa hiyo karakana aliyoingia Steinmetz ilikuwa tayari ni nyumba ya mitambo inayofanya kazi ya mikono. Na bosi alizungumza Kijerumani. Hakuhitaji kusubiri kijana ajifunze Kiingereza ndipo ajue kichwa chake kina nini. Walizungumza kazi kwa lugha ya nyumbani, na bosi akaona. Muda si mrefu Steinmetz akatolewa kwenye meza ya kuchora, akapewa nafasi ya kufanya majaribio ya umeme na sumaku.

Moto ndani ya chuma

Wale wenye mashine za kusaga mahindi wataelewa sehemu hii kuliko maprofesa. Mota ikifanya kazi, inapata moto. Sehemu ya moto ule inatoka kwenye waya wa shaba. Lakini sehemu nyingine inatoka kwenye chuma chenyewe, zile bati zilizopangwa ambazo waya unazungushiwa. Chuma hakijabeba umeme wa kwenda kwenye mzigo, mbona kinachemka?

Sababu ni hii. Umeme wa gridi, ule tunaouita wa AC, unageuka upande mara nyingi kwa sekunde. Hapa Malawi, kama Tanzania na Kongo, unafanya mizunguko 50 kila sekunde. Kila unapogeuka, sumaku ndani ya chuma nayo inalazimika kugeuka. Chuma kinachelewa, kinagoma kidogo, kama mtu aliyelala unayempindua upande huu na ule usiku kucha. Kule kugoma kunakula nguvu, na nguvu iliyoliwa inageuka kuwa joto. Wataalamu wanakuita histeresisi.

Kabla ya Steinmetz, watu walijua kwamba hasara hiyo ipo. Kilichowashinda ni kuipigia hesabu mapema. Fundi alijenga mota au transfoma, akaiwasha, akaona kama inachemka sana, akavunja, akaanza tena. Hebu fikirieni chuma na shaba zilizopotea.

Steinmetz alikusanya vipimo vya watu wengine, akafanya vya kwake katika karakana ya Yonkers, akakaa navyo mpaka akaona mpangilio. Mwezi wa Januari 1892 alisoma matokeo yake mbele ya chama cha wahandisi wa umeme wa Marekani. Kanuni yake kwa maneno mepesi ni kwamba hasara inapanda kwa kipeo cha 1.6. Yaani ukiongeza nguvu ya sumaku ndani ya chuma mara mbili, hasara haiongezeki mara mbili. Inaongezeka karibu mara tatu. Kuanzia hapo mhandisi aliweza kukaa na karatasi na kujua mota yake itapoteza kiasi gani kabla hajakata hata bati moja. Alikuwa na miaka 26, na miaka isiyofika mitatu tangu ofisa wa bandarini amtazame kama mzigo.

Mwaka uliofuata, 1893, kwenye mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Chicago, alionyesha jambo la pili. Hesabu za umeme wa AC zilikuwa ngumu mno, ni wachache tu waliziweza. Yeye aliziandika kwa njia nyingine, akitumia namba ambazo wanahesabu walikuwa nazo tangu zamani, mpaka zikawa hesabu ambazo mwanafunzi wa ufundi anaweza kujifunza darasani. Kila anayesoma umeme leo, awe ITI ya Bukavu au chuo cha Lilongwe, anapita kwenye njia hiyo, hata kama mwalimu hajataja jina la mtu.

Kampuni ya General Electric, iliyoundwa mwaka 1892, ikainunua karakana ya Eickemeyer, na Steinmetz akaenda pamoja nayo. Mwaka 1894 alihamia Schenectady, akabaki huko mpaka alipofariki tarehe 26 Oktoba 1923. Alikuwa na hataza karibu 200. Alibadilisha jina likawa Charles Proteus Steinmetz: Charles la nchi mpya, Proteus la utani wa Breslau. Nalipenda sana jina lile, kwa sababu hakuwaachia waliomfukuza kila kitu chake.

Na cheti je? Mwaka 1903 chuo cha Union, pale pale Schenectady, kilimpa shahada ya udaktari ya heshima. Ilikuwa miaka 15 tangu akimbie. Cheti kilikuja nyuma ya kazi. Kilipofika, alikuwa ameshawahi kuwa rais wa chama kile kile cha wahandisi alichokisomea kanuni yake.

Mpaka mashine inayojiongoza

Kuna msomaji ataniuliza, wewe ulisema mashine zinazojiendesha, mbona unatuletea mota? Ni kwa sababu huwezi kumwongoza punda usiyemjua nguvu zake. Zamani kiwanda kizima kilikuwa na injini moja kubwa ya mvuke, na mikanda mirefu ilipita juu ya dari kupeleka mzunguko kwenye kila mashine. Injini ikisimama, wote wanasimama. Mota za umeme zilizopigiwa hesabu vizuri ziliwezesha kila mashine kuwa na mota yake, inayowashwa na kuzimwa peke yake. Hapo ndipo swali jipya lilipozaliwa: nani awashe na kuzima?

Mwanzo alikuwa mtu mwenye swichi. Kisha zikaja rilei, swichi zinazowashwa na umeme wenyewe. Ukiunganisha rilei nyingi, unaweza kuiambia mashine: mlango ukifungwa na mafuta yakifika, washa, joto likizidi, zima. Kiwanda cha magari kilikuwa na makabati na makabati ya rilei. Shida ilikuwa moja: mtindo wa gari ukibadilika, mafundi wanafungua makabati yote na kuunganisha nyaya upya. Rilei moja ikifa, kuitafuta ni kazi ya siku nzima.

Mwaka 1968 tawi la kutengeneza giaboksi la kampuni ya General Motors, lililoitwa Hydramatic, lilitangaza kwamba linataka kifaa cha kuchukua nafasi ya makabati yale. Timu ya Mmarekani Dick Morley ilitengeneza kifaa kilichoitwa Modicon 084. Namba hiyo ilitokana na kwamba kilikuwa mradi wao wa 84. Badala ya kufungua nyaya, unabadilisha maagizo yaliyoandikwa ndani, yaani programu.

Na katika mji wa Milwaukee, kampuni ya Allen-Bradley nayo ilikuwa kwenye mbio hizo. Huko alikuwepo fundi wetu wa tatu, Odo Struger. Alizaliwa Austria mwaka 1931, akasoma uhandisi Vienna, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akahamia Marekani na kuanza kazi Allen-Bradley. Struger hakuwa mkimbizi, alikuwa mhamiaji, na alikuja na masomo yake yakiwa yamekamilika. Tofauti hiyo ni kubwa na sitaki kuificha. Lakini naye alianza kama kijana mgeni katika kampuni ya wenyeji, akapanda hatua kwa hatua, mpaka akahesabiwa kuwa baba wa vifaa hivyo katika kampuni yake. Yeye pia ndiye anayesemwa kuwa alianzisha zile herufi tatu zinazotumika dunia nzima: PLC. Baadaye alishiriki katika kuweka kanuni za pamoja, ili fundi aliyejifunza kuviandikia programu vifaa vya kampuni moja asiwe bubu mbele ya vya kampuni nyingine. Alifariki mwaka 1998.

Leo ukiingia kiwanda cha sukari, cha bia, cha saruji, hata pampu za maji za mji, ndani ya kabati utaikuta PLC. Chini yake kuna mota, na ndani ya mota chuma bado kinagoma kwa kanuni ileile ya 1892.

Mlango uleule, watu wengine

Ningeishia hapo, habari ingekuwa tamu lakini isingekuwa kweli yote. Mwaka uleule wa 1882, Marekani ilipitisha sheria nyingine iliyowazuia wafanyakazi wa Kichina kuingia. Haikuuliza anajua nini. Haikuuliza ana mdhamini. Ilitosha kuwa ni Mchina na ni mfanyakazi. Sheria ile na zilizoifuata zilidumu mpaka 1943.

Kwa hiyo Steinmetz alipookolewa na rafiki yake mwaka 1889, kulikuwa na vijana wengine wenye vichwa kama chake ambao hata rafiki mia wasingewasaidia. Hatujui majina yao kwa sababu hawakuingia. Historia ya uvumbuzi inaandikwa na waliopita mlangoni. Waliobaki nje hawana sura ndani yake, na hilo si kwa sababu walikosa bidii.

Nasema hivyo kwa kuwa kijana wetu akiambiwa hadithi ya Steinmetz nusu nusu, atajilaumu bure. Sisi wa Dzaleka tunaishi mahali palipokuwa gereza kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti yake kuhusu kazi na kuhusu mahali ambapo mkimbizi ataishi. Mwaka 2023 waliokuwa wanafanya biashara mijini waliamriwa kurudi kambini. Wenzetu wa Uganda wana sheria ya 2006 inayotambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Wa Kenya wana sheria ya 2021 iliyofungua mlango kiasi. Kijana yuleyule, mwenye mikono ileile, akiwa Nakivale ana nafasi moja na akiwa hapa ana nyingine. Tofauti haiko katika akili zake.

Lakini sheria si ukuta mtupu. Ndani ya eneo tulilopewa kuna kazi. Mashine za kusaga zinaungua, paneli za sola zinakufa, friji za maduka zinasimama. Kijana mmoja kutoka Fizi, aliyekuwa mwaka wa tano wa umeme vita ilipomkuta, alipewa na mzee mmoja mota iliyoungua. Mzee hakuuliza diploma. Alisema tu, "Mwanangu, isuke, nione." Kijana alihesabu mizunguko ya waya wa zamani akiutoa mmoja mmoja, akaiandika kwenye daftari, akasuka upya. Mota inasaga mpaka leo. Mzee yule hajasoma habari za Yonkers, lakini alifanya kazi ya Eickemeyer: aliwahi naye kuwa mgeni, kwa hiyo alijua kupima mkono.

Tufanye nini na historia hii

Mimi naona mambo matatu ambayo yako ndani ya uwezo wetu hata sheria ikiwa hivi ilivyo.

La kwanza ni udhamini. Tunao wazee wenye maduka na karakana ambao maneno yao yanasikilizwa. Wakubali kuandika na kutia sahihi: huyu alinifanyia kazi hii, tarehe hii, na ilisimama. Asmussen hakuwa ofisa wala tajiri mkubwa. Alikuwa mwanafunzi aliyesema neno kwa wakati.

La pili ni rekodi. Steinmetz hakuwa na cheti, lakini alikuwa na maandishi: vipimo, majedwali, hesabu ambazo mtu mwingine angeweza kuzirudia na kuona kama ni kweli. Fundi anayesuka mota bila kuandika idadi ya mizunguko, unene wa waya na joto lililopatikana, anaondoka duniani na ujuzi wake. Anayeandika, ana kitu cha kuweka mezani Lilongwe, Nairobi, au huko mbali ambako baadhi yetu watahamishiwa.

La tatu ni wadogo zetu. Baada ya uchaguzi wa 1911 Steinmetz aliingia kwenye bodi ya elimu ya mji wa Schenectady, akawa mwenyekiti wake, na miongoni mwa mambo aliyoyasimamia ni madarasa maalum ya watoto wa wahamiaji. Alikuwa na jina kubwa na kazi nyingi, angeweza kusema hana nafasi.

Kikundi chetu kimeanza daftari la kazi. Kila fundi ana kurasa zake: kazi gani, ya nani, ilikuwa na tatizo gani, alipima nini, alifanya nini, na sahihi ya mwenye mashine. Wanaotaka kuingia waje Jumamosi saa nane mchana nyuma ya maktaba, na walete kazi moja waliyoimaliza. Wenye karakana tunawaomba nao waje, kwa sababu safu ya sahihi ni yao, na mpaka sasa ina nafasi nyingi zilizo wazi.